Mukami na Printa ya Cheptais

Mafundi wenzake mjini Kitale walimshauri Mukami atupe printa za zamani, zile za utepe wa wino zinazolia kama cherehani. Yeye alizipenda. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Kiminini, na hakuna mashine aliyoionea aibu.

Ndiyo maana mzee Nehemiah, mtunza ghala la chama cha wakulima kule Cheptais, alimpigia simu yeye. Printa yao ya kuchapa lebo za magunia ya mbegu za viazi ilikuwa imeharibika. Mukami alipofika aliwakuta wanawake wamekaa juu ya magunia, wakicheka mpaka machozi. Kwenye lebo zao, Chepkemei alikuwa ameandikwa Shepkemei. Judy amekuwa Jedy.

"Ilianza lini?" Mukami akauliza.

"Tangu tuitoe ofisini tuilete huku ghalani," mzee akasema. "Kompyuta ikabaki kule, tukaunga kebo ndiyo ifike."

Mukami akaifuata kebo ukutani, akiipima kwa hatua: mita kumi na mbili. Akatabasamu. Printa ilikuwa nzima.

"Hii kebo ina nyaya nane zinazobeba herufi moja kwa mpigo, kila waya na kipande chake," alimweleza. "Kwa mita mbili hakuna shida. Kwa umbali huu nyaya zinaingiliana, kipande kimoja kinaharibika, na C inasomeka S."

"Sasa tufanye nini?"

"Tuvipitishe vipande hivyo kwenye waya mmoja, kimoja kimoja."

Mzee akakunja uso. "Ati kimoja kimoja? Si tutalala hapa, fundi?"

"Printa yenyewe ni mzee, inachapa polepole; hata huo waya mmoja utaisubiri."

Nyuma ya kompyuta kulikuwa na tundu dogo la pini tisa ambalo hakuna aliyewahi kulitumia, na printa nayo ilikuwa nalo. Mukami akalehemu kebo nyembamba, akachomeka, akachapa. Zikatoka nyota na alama za kuuliza tupu. Wanawake wakaangua kicheko kipya, na Mukami akainama kuitazama lebo tena. Kisha akakumbuka: kompyuta ilikuwa ikituma haraka kuliko printa ilivyopangwa kupokea. Akazilinganisha kasi.

Lebo iliyofuata ikasema Chepkemei. Mwenyewe akaisoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, akaibandika kwenye gunia na kulipigapiga kama mgongo wa ng'ombe.

Mzee Nehemiah alisimama akitazama saa na kuhesabu lebo, mpaka akaridhika kwamba kasi haikupungua.

"Haya, fundi, karibu viazi," akasema, na Mukami akaenda kunawa mikono.