Pikapu Iliyotolewa Matumbo

Harufu ya masizi ya ekzosi na raba mpya ndiyo iliyoniharibia siku juzi pale Keumbu. Fundi alikuwa chini ya kigari changu kikuukuu akifunga sailensa, mimi nimekaa nje ya gereji juu ya tairi bovu, mara nikajikuta nimelipiga teke debe la fundi. Wala haikuwa ajali. Ilikuwa hasira, tena ya tangu nikiwa na miaka tisa. Hebu nisikilizeni, halafu mniambie kama nimezidisha.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alikuwa na pikapu ya kubeba ndizi mbichi. Alizikusanya kwa wakulima wa Manga akazishusha sokoni Keumbu. Mama alienda naye kuuza, na nikiwa sina shule nami nilipanda. Tata usukani, mama katikati, mimi mlangoni. Sakafu ilikuwa na tundu karibu na gia, mbele ya miguu ya mama, na kelele yote ya chini ilipandia hapo.

Jamani, kelele ile! Pikapu ikishakolea mwendo, mvumo mzito ulijaa ndani, ukaingia menoni na kifuani, hadi kiti kikaanza kutuwasha makalio. Ukitaka maji unaonyesha chupa kwa kidole. Tukifika sokoni, mama alikaa kwanza kwenye gunia akitikisa kichwa, kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni.

"Baba Kemunto, si utengeneze hii ekzosi?" alikuwa akimwambia.

"Gari ni zee," Tata alicheka. "Uliona wapi zee lisilokohoa?"

Sasa mjue kwamba mama yangu ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu. Sabato asubuhi akianza wimbo, hata watoto watundu tulitulia. Hakuwa na kingine alichokiita chake. Shamba lilikuwa la Tata, gari la Tata, sisi wenyewe tuliitwa watoto wa Tata. Kwaya tu ndiyo ilikuwa yake, na masikio yalianza kumlia filimbi hata akiwa jikoni.

Jumapili moja Tata alipokwenda matangani, mama aliniita kwenye pikapu. Tulikuwa tumekusanya magome makavu ya migomba, tukayakunja na kuyashindilia ndani ya milango na chini ya zulia. Raba za milango zilizoliwa na jua tukazifunika kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Lile tundu tuliliziba kwa gunia, tukalisukuma mpaka likakaza. Mama alikuwa anacheka peke yake, jasho linamtoka.

Siku ya soko milango iliacha kugonga. Mvumo ulibaki, lakini ulipungua kiasi kwamba mama aliimba ubeti mzima garini, na mimi niliusikia. Nilijiona fundi mkubwa. Tulipokaribia Keumbu moshi ukafuka miguuni mwetu, kwa sababu gunia letu lilikuwa limegusa bomba la moto. Tuliruka nje tukikohoa, huku Tata akipiga kelele mbele ya soko zima. "Mnataka kunichomea gari! Wanawake wa nyumba hii mna nini nyinyi?"

Gari likapelekwa kwa fundi. Akaingia chini, akatoka anacheka. "Mzee, unawaonea bure. Si wewe uliyeniambia niikate sailensa, niitoe matumbo yote? Sasa kelele ungetaka iishie wapi?"

Mama alimgeukia Tata. Nilidhani atakana. Wapi! Alivuta suruali juu akajibu kama anayefundisha darasa. "Watu wa Manga watajuaje nimefika? Wakisikia gari linanguruma kule bondeni wanabeba ndizi wanaleta barabarani. Likinyamaza, nipige hodi boma kwa boma?"

Ni kweli, walileta. Lakini honi ilikuwepo! Nzima kabisa, ilikuwa inalia vizuri, aliitumia kufukuza mbuzi! Hadi leo nikikumbuka ile honi nataka kurusha kitu.

Mama aliufungua mlango wa gari. Alipanda, akakaa pale pale katikati, juu ya tundu lililofunguliwa upya. Mwaka haukwisha kabla mwalimu wa kwaya hajamwambia, kwa upole, "Mama Kemunto, hebu pumzika kidogo," kwa kuwa alikuwa anaingia wimbo kabla ya wenzake na kuupandisha kusikopanda. Tata alisema kwaya haijazi sufuria.

Na mimi je? Nilikuwa namwita mama kutoka uani, kimya. Namwita tena, kimya. Siku moja nilimvuta leso nikamfokea, "Unanisikia, unajifanya tu!" Akaniangalia, akasema, "Nimesikia, mwanangu." Hakuwa amesikia kitu. Hilo nililijua nikiwa mtu mzima, siku daktari aliyempima mama aliponichorea sikio kwenye karatasi, akanionyesha kelele ilipoliharibia.

Basi juzi fundi alifunga sailensa nzima na raba mpya za kuning'iniza bomba lisigonge bodi, kisha akatandika raba nene na sponji ya godoro chini ya zulia. Nikampitia mama Manga, nimpeleke kwa dada yake Ikonge. Nilimkalisha mbele. Injini ilitulia hata nikasikia funguo zikichezacheza.

Tulipofika kwenye mashamba ya chai alinigusa goti. "Kemunto," akasema kwa sauti kubwa mno, "gari lako halina kelele kabisa. Baba yako angejifunza kwako."

Nilikuwa nabadilisha gia wakati boda boda iliyokatwa ekzosi ilipotupita upande wake, ikinguruma mpaka kioo kikatetemeka. Mimi nilishtuka nikashika usukani kwa nguvu. Mama aliendelea kutabasamu akitazama chai, wala hakugeuka.