Masaa Nane Hadi London

Itangazwe rasmi, kofia zivuliwe na mbuzi wafungwe: Kalunde, mke wa Nzomo, mkaaji wa Kalamba, ndiye aliyekuwa mtaalamu pekee wa safari za ndege katika tarafa nzima. Shule aliijua kwa nje tu, akipita na kuni. Lakini ukimwuliza London iko mbali kiasi gani, alikujibu kabla hujafunga mdomo: "Masaa nane. Hulali njiani."

Kwetu hiyo ndiyo rula. Mahali unapofika bila kulala njiani si mbali. Kwa hesabu ya Kalamba, basi, London ilikuwa karibu kuliko Kitui mjini kwa miguu.

Utaalamu huo aliupata kwa mwanawe Mutie, mwaka wa sabini na moja, kijiji kilipokodi lori kumsindikiza uwanja wa ndege wa Embakasi aende kusoma London. Kwaya iliimbia ndege, ikaipungia leso mpaka ikawa nukta. Kumbe ilikuwa ndege ya wenyewe! Mutie alikuwa bado kwenye foleni. Yake ilipopaa, hakuna aliyebaki na sauti.

"Usilie, mwaitu," alikuwa amemwambia mama yake. "Ni masaa nane tu. Ukiniita asubuhi, jioni nakula isyo yako."

Kuja kula mahindi na maharagwe, kutoka London! Watu walipiga makofi.

Mwaka wa themanini na nne akaitwa. Nzomo, babake, alikuwa amekufa na kuacha neno moja: udongo wa kwanza autupe Mutie, si mwingine. Ndugu wa marehemu, Diwani Mulei, akaenda kupiga simu posta, akarudi akitembea kama waziri.

"Nimeongea naye, shemeji. Anakuja."

"Lini?"

"Si nimekwambia anakuja?"

Kaburi likachimbwa. Ulikuwa mwaka wa ukame, shingo zote zilishazoea kutazama juu. Sasa zikatafuta mawili kwa mpigo: wingu na Mutie. Yote mawili yakawa na tabia moja: hayakutokea. Waombolezaji wakakaa wakitafuna mahindi ya manjano ya msaada, yaliyotoka Amerika, mbali kuliko London, yasiyo na mama hapa, na bado yakafika.

Wageni lazima wanywe. Kila alfajiri Kalunde alibeba debe kwenda kufukua maji kwenye mchanga wa mto, akarudi mchana umezeeka. "Amefika?" aliuliza kabla ya kutua mzigo. Siku moja akatua tu, hakuuliza.

Diwani alipiga simu tena. Mwanamke fulani akamjibu kwamba Mutie alihama, na hakuacha neno alikoenda. Mochari nao wakasema njooni mchukue mtu wenu.

Basi Kalunde akautupa udongo mwenyewe. Ulikuwa vumbi tupu. Upepo ukaubeba kabla haujagusa sanduku.

Diwani hawezi kuona shimo asilihutubie. "Wananchi, msife moyo!" akanguruma. "Kijana bado atakuja. Dunia ya leo haina mbali! London ni masaa nane tu. Ama namna gani, shemeji?"

Kalunde alikuwa ameshajitwika debe mgongoni, kamba ikimkata kipaji cha uso.

"Hata mtoni ni masaa nane, shemeji," akasema. "Lakini mimi hurudi."