Dawa Inayoogopa Udi

Nilikuwa natafuta hina, nikakuta dawa. Zilikuwa pakiti za vidonge vya presha, zimepangwa vizuri ndani ya kopo la hina la mama, na hakuna hata kidonge kimoja kilichotobolewa. Nilizijua kabla sijasoma maandishi. Nimefanya kazi kwenye kampuni inayozitengeneza, kule Jinja, miaka ya kutosha kuzijua pakiti zetu kwa rangi ya karatasi ya fedha mgongoni, kama mama mwenye nyumba anavyoijua sufuria yake ikiwa kwa jirani.

Hapo nilikuwa Mbale, nyumbani kwa mama. Nilikuwa nimetoka Jinja asubuhi kwa sababu jirani yake alinipigia simu akaniambia mama ameanguka jikoni. Mama mwenyewe alisema hakuanguka, alikaa chini ghafla.

"Mama, dawa hizi umeanza kuzinywa lini?"

"Sijaanza."

"Sasa daktari alikupa za nini?"

"Za kunywa," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Zamani alikuwa anapewa vidonge vilivyotoka ng'ambo, kwenye boksi lenye maandishi madogo. Alivimeza bila neno. Siku hospitali ilipoanza kumpa vya kwetu, aligeuza boksi, akasoma neno Jinja, na mambo yakaishia hapo. Mama ameishi Jinja ujana wake wote. Aliviona viwanda vyake vikifa kimoja baada ya kingine, akaona mabati yake yakiota kutu. Kwake Jinja ni mahali pa sukari na sabuni, na hata hiyo sabuni alikuwa na maneno juu yake.

"Halafu," akasema, "si uliniambia dawa hizi zinapita mikononi mwako?"

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye ninayezipima."

"Basi."

Hilo "basi" lilikuwa na historia ndefu. Mimi ndiye mtoto aliyeunguza maharage mpaka chungu kikapasuka. Mimi ndiye niliyekwenda kuswali Idi na kiatu changu mguu mmoja na cha dada mguu wa pili, na sikujua mpaka tuliporudi. Mama alinilea mwenyewe, kwa hiyo hakuna cheti ambacho ningemwonyesha kikamdanganya. Nilicheka, kwa sababu alilisema kwa kunitania. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Niliogopa sana. Dada yake mama, mama yetu mkubwa, aliondoka kwa kiharusi. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mikono miwili ya kusuka vikapu, na mwisho akabaki na mkono mmoja na neno moja, jina la marehemu mume wake, alilolitumia kuombea maji, chakula na blanketi. Mama ndiye aliyemuuguza. Alijua vizuri kuliko mimi presha inamfanya nini mtu, na bado alikuwa ameficha dawa kwenye kopo la hina. Nilimfungia nguo zake nikarudi naye Jinja, kwangu Walukuba. Pakiti nazo nikazitia kwenye mkoba.

Kwangu kila asubuhi ilikuwa mchezo mmoja. Namwekea kidonge na maji mezani, yeye anasema, "Kiache hapo, nitameza nikishakunywa chai." Jioni nakikuta palepale, kimefunikwa na kisahani ili nzi wasikiguse. Nilimbembeleza, nikanuna, siku moja nikapandisha sauti mpaka majirani wakanyamaza kusikiliza. Mimi si mtu wa subira, na hasira zangu nimezirithi kwake, kwa hiyo haikusaidia. Jambo lililoniuma si ukaidi. Wagonjwa wengi nisiowajua, kutoka Masese mpaka mpakani na Kenya, walikuwa wanameza kazi ya mikono yangu bila kuuliza, na mtu mmoja niliyetaka aimeze aliifunika na kisahani.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe. Watu hudhani kazi ya kampuni ya dawa ni kuvaa koti jeupe na kutikisa chupa. Kazi yetu kubwa ni kuvua. Langoni unaacha simu. Ndani unavua viatu vya barabarani, saa, pete, hereni, unanawa mpaka kwenye viwiko. Halafu kuna benchi la chuma linalokata chumba katikati. Unalikalia, unanyanyua miguu, unageuka nayo upande wa pili, na huko ndiko viatu safi viliko. Mguu uliokanyaga huku haukanyagi kule. Kisha ovaroli isiyo na mifuko, kofia inayomeza nywele zote, barakoa, glavu. Wenye ndevu wanazivalisha wavu. Mara ya kwanza kumwona mwanamume mzima na wavu wa ndevu nilicheka mpaka nikaambiwa nitoke, nikamalizie kicheko nje. Poda hairuhusiwi, wala mafuta yenye harufu, wala manukato ya aina yoyote.

Mimi ni wa maabara. Naingia mashine zikiwa zinatema vidonge, nachukua vichache, naenda kuvipima uzito na ugumu, na kama vinayeyuka kwenye maji ya vuguvugu jinsi vitakavyoyeyuka tumboni. Kila ninachofanya, mwenzangu amesimama pembeni anaangalia, kisha anatia sahihi chini ya yangu. Naye akifanya, mimi naangalia. Mwanzoni iliniudhi. Mtu mzima unaangaliwa kama msichana anayefundishwa kumenya matoke! Baadaye nikazoea, na siku hizi nikiwa peke yangu nyumbani nikifunga mlango, nageuka kutafuta mtu wa kushuhudia kwamba nimeufunga.

Alhamisi moja jioni mama alifanya jambo alilokuwa hajalifanya tangu aje. Alitoa chetezo chake, akatia makaa na udi, akafunika kapu juu yake, akaanza kufukiza nguo zangu, moja baada ya nyingine. Kisha akaniita nikae chini, akafumua nywele zangu akazifukiza pia, kama alivyokuwa akifanya siku za sikukuu nilipokuwa mdogo. Tulikuwa tumenuniana siku mbili. Nilijua ni njia yake ya kuomba yaishe, na nikakaa nikafurahi. Kazi haikunijia akilini hata kidogo.

Asubuhi nikavaa nikaenda. Mtu aliyekulia ndani ya udi hausikii, ni kama harufu ya nyumba yake. Nilivua, nikanawa, nikakaa kwenye benchi, na nilikuwa nimeshanyanyua miguu mkuu wangu wa zamu alipoingia akasimama mlangoni. Ni mama wa Kikenya, mpole, ambaye sijawahi kumsikia akifoka.

"Rudisha miguu," akasema.

Nikabaki nayo hewani. "Kwa nini?"

"Unanukia. Nywele, ngozi, yote. Leo huwezi kuingia. Nenda nyumbani uoshe kichwa, kesho uje."

Nilipanda bodaboda huku machozi yananitoka kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mama, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu mama alikuwa ameshinda. Mtoto wa kiatu kimoja kimoja alikuwa palepale. Nilipofika nikasema yote kwa pumzi moja. Nilitegemea aseme "nilikwambia." Badala yake alisimama akajitanda shuka lake.

"Wamekufukuza kwa sababu ya udi wangu?"

"Hawajanifukuza, mama. Wamenirudisha."

"Udi una kosa gani? Kosa lake ni kwamba ni wa Waislamu? Twende."

Nilimsihi, kwa ajili ya presha yake na kwa ajili ya aibu yangu. Hakusikia. Tulipofika langoni askari, kijana wa Kisoga anayenijua vizuri, alijifanya hanijui.

"Hajati, hapa mutu haingii bila kadi. Wewe nataka nani?"

"Nataka mkubwa wake huyu."

"Mukubwa iko ndani, iko na kazi mingi."

"Mwambie, afande, mama yake amefika."

Sijui lile neno "mama" lilimfanya nini, lakini alinyanyua simu. Mkuu wangu akatoka, alama ya barakoa bado iko puani pake, akamwinamia mama kidogo akampa mkono. Nikaona mama anautazama ule mkono. Ulikuwa mkavu, umechanika kwenye vifundo kwa dawa ya kunawia, hauna pete wala bangili.

"Mwanangu ananuka nini?" mama akauliza.

"Hanuki, mama. Ananukia vizuri sana. Shida ndiyo hiyo."

"Mmemrudisha kwa sababu ya dini yetu?"

"Hapana, mama." Hakukasirika. "Mimi nikiwa na zamu Jumapili, nikitoka kanisani napita kwanza nyumbani kuoga, juu ya pafyumu niliyojipaka. Nikija nayo hapa, huyu msichana wako atanirudisha."

"Huyu?"

"Huyu. Alirudisha hata wageni wa meneja, na makoti yao mazuri. Walikasirika sana. Alikataa."

Nilikuwa nimelisahau jambo hilo. Walinukia kama duka la vinyozi, na nilisimama mbele ya benchi mpaka wakageuka. Mama alinitazama kana kwamba nimeletwa kwake siku hiyo.

"Harufu tu lakini," akasema, sauti imeshuka. "Harufu itamfanya nini mtu?"

"Kidonge kinaweza kubeba harufu, mama. Sasa mgonjwa afungue pakiti asikie udi. Atajiuliza ni nini kingine kimeingia humo. Ataogopa. Ataweka hiyo dawa kando, asimeze. Na presha haingoji."

Mkuu wangu hakujua lolote kuhusu kopo la hina. Mimi niliangalia barabara. Mama aliangalia viatu vyake.

"Na akisahau kitu?" mama akauliza mwishowe. "Mimi namjua. Huyu ni msahaulifu."

"Wote tunasahau. Ndiyo maana hakuna mtu hapa hufanya kitu peke yake. Akipima, kuna mwenzake anamwangalia."

"Kuna mtu anamwangalia huyu?"

"Kila siku."

"Kila siku!" Mama akacheka, kicheko chake cha zamani cha kupiga paja, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu msiba wa dada yake. Askari naye akacheka bila kujua anacheka nini. Mama akamshika mkuu wangu mkono ule mkavu kwa mikono yake miwili, akamwambia atafute mafuta ya ufuta ajipake akiwa nyumbani, akamuaga, tukaondoka.

Tulipofika nyumbani akachukua nguo zangu zote za kwendea kazini, akazifua upya, akazisuuza mara nyingi mpaka nikamwonea huruma, akazianika uani. Kisha akaweka kigoda karibu na kamba akakaa. Jirani yetu mwuza samaki alipoanza kuwasha jiko lake, mama akampazia sauti asogeze moshi wake upande ule, hapa kuna nguo za kiwandani. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye beseni, naosha udi kwenye nywele kwa maji ya ndimu. Nilikuwa nalia kidogo, na si kwa hasira tena.

Baada ya magharibi aliingia na nguo zimekunjwa. Alizinusa, akanipa nizinuse. Kisha akaketi mezani, akaondoa kisahani juu ya kidonge cha asubuhi, akakisogeza kando.

"Hiki kimekaa wazi. Nipe kingine."

Nilitoboa pakiti. Alikichukua kile kidonge, akakileta puani, akakinusa taratibu kama anavyonusa maziwa kabla ya kuyatia kwenye chai.

"Hakina harufu," akasema.

"Hakina, mama."

"Ulikipima wewe?"

"Mimi, na mwenzangu anaangalia."

Akakitia mdomoni, akanywa maji mpaka bilauri ikaisha, akaiweka mezani.

"Alhamdulillahi kwa huyo mwenzako," akasema.