Mama Mkwe na Nyumba Isiyo na Milango

Picha za ile nyumba zilionyesha kila kitu isipokuwa milango, na hiyo ni kwa sababu haikuwa nayo. Nilizitazama kwenye simu ya mke wangu, tukiwa tumeketi nyumbani kwetu Kitale, nikasifu kuta nene za mawe, vidaka vilivyochongwa ukutani kama masega ya nyuki, na kitanda kirefu hadi mtu anakipanda kwa ngazi. Ilikuwa nyumba ya kale katikati ya mji wa Lamu, na wenyewe walikuwa wameigeuza hoteli ndogo ya vyumba vitatu. Jirani yetu wa karibu na msikiti, ambaye binti yake ameolewa huko, ndiye aliyetutafutia. Nikasema sawa, tulipie. Mtu wa Bungoma anayesafiri na mama mkwe wake anapaswa kuangalia milango kwanza, kitanda baadaye. Mimi niliangalia kitanda.

Kwa wasiojua, kwetu mume hashikani mkono na mama wa mke wake, hali naye meza moja, na kulala naye chini ya paa moja ndiyo kabisa haiwezekani. Si uadui. Ni heshima, na mimi binafsi naipenda, maana imeninyima nafasi nyingi za kusema upuuzi mbele yake. Tangu nioe, mimi na yule mama tulikuwa tumeongea kupitia mke wangu tu, hata tukiwa tumesimama kwenye uwanja mmoja. "Mwambie mwenye nyumba yako ng'ombe amezaa," anasema mama, akimaanisha mimi, nami nimesikia vizuri kabisa, lakini nangoja niambiwe.

Sasa safari yenyewe ilikuwa na siri, na siri ilikuwa ya mke wangu. Mama yake anaishi peke yake karibu na Kibabii. Mume alishafariki, na mtoto wake wa kiume wa pekee yuko Qatar analinda majengo ya watu. Msimu wa mvua uliopita mama aliteleza jikoni akaumia nyonga, akalala pale sakafuni mpaka wanafunzi wa chuo kikuu wanaonunua maziwa kwake walipokuja na vibuyu vyao na kushangaa kwa nini haitiki. Alipona. Mke wangu hakupona. Alikuwa akipiga simu asubuhi, mchana na jioni, na simu isipopokelewa anavaa viatu. Alitaka mama ahamie kwetu. Mama akasema nani amewahi kusikia mtu akihamia kwa mkwe, watu watasema nini, na akafunga mjadala. Ndipo mke wangu akatunga hii ya Lamu. Mama aliambiwa ni zawadi ya kuona bahari. Mimi niliambiwa ukweli: tukae siku chache karibu karibu, mama azoee, aone kwamba mkwe hali watu.

Njiani mambo hayakuwa mabaya. Nilikuwa nimejiuliza kama paa la basi ni paa, lakini mama alishatoa uamuzi kabla hatujatoka Kitale. Nyumba ni mahali panapowashwa moto wa kupikia. Basi halina jiko, kwa hiyo si nyumba. Akakaa mbele nyuma ya dereva, mimi nikakaa nyuma kabisa, na nchi nzima ya Kenya ikapita katikati yetu bila tatizo. Tatizo la kwanza lilikuwa boti ya kuvukia kutoka Mokowe, ambayo abiria hukaa wakitazamana magoti kwa magoti. Mama alifungua mwavuli akaushika mbele ya uso wake. Watu wakadhani anaogopa jua. Mimi nilisafiri hadi kisiwani nikitazama maua ya bluu ya mwavuli.

Msimamizi wa nyumba alitupokea kwa Kiswahili kile cha kwao ambacho kinanifanya nijisikie nimevaa gambuti za matope. Alituonyesha ua wa ndani, halafu ukumbi wa kwanza, nyuma yake ukumbi wa pili, nyuma yake wa tatu, kila mmoja umefunguka ndani ya mwenzake, na kati yake hakuna kitu ila matao.

"Mlango iko wapi?" mama akauliza.

"Mlango ni ule mliopita, mama yangu. Ndani huku tuna mapazia. Nyumba ni ya watu wamoja."

Mama akamgeukia binti yake. Kisha akaketi juu ya begi lake pale uani, kama mtu anayengoja gari la kurudi.

"Si kuna juu?" mke wangu akasema haraka. "Huko juu ni wazi, kuna makuti tu. Huyu atalala huko. Hiyo si chini ya paa moja, ni juu ya paa."

"Ati alale juu ya kichwa changu?"

Hata ningekuwa na jibu nisingeruhusiwa kulitoa. Msimamizi alinivuta pembeni akaniuliza kuna nini, nikamweleza. Alicheka kidogo kwa adabu. Kwao, akasema, mkwe ni mwana, anakula na kulala humo humo. Lakini aliona begi la mama halijaguswa, akaelewa kwamba huu si mzaha. Akanipeleka vichochoro viwili mbele, kwa binamu yake, ambaye alikuwa na hoteli ya aina yake.

Ilikuwa banda la punda. Zamani, sivyo sasa, binamu alisisitiza. Walikuwa wamelipaka chokaa, wakaweka kitanda cha kamba, taa ya kupendeza na kopo la maua kwenye hori. Wageni kutoka Ulaya walikuwa wakilipenda sana. Alichosahau kunieleza ni kwamba walihamisha punda hadi banda la pili tu, na ukuta kati yetu ulikuwa mfupi. Kitale punda tunao, wanavuta mikokoteni ya maji na mahindi, lakini wakifika nyumbani wamechoka wanalala. Wa Lamu wana nguvu za kuongea. Mmoja alichungulia juu ya ukuta akanitazama kwa muda mrefu, kama mteja anayesubiri nimalize kurekebisha mashine yake. Mimi kazi yangu ni kutengeneza mashine za kusaga unga, na kutazamwa hivyo nimezoea.

Asubuhi nikagundua shida nyingine ambayo picha hazikuonyesha. Kwetu ukikutana na mama mkwe njiani, unaingia shambani, unasimama katikati ya mahindi mpaka apite. Lamu hakuna mahindi. Kuna vichochoro vyenye upana wa punda mmoja na nusu, na kuta pande zote mbili hadi mbinguni. Mama, ambaye nilidhani atakaa ndani akilaumu, alikuwa ameamua kuiona Lamu yote. Kila nilipopinda kona, yuko. Nilijitosa kwenye duka la fundi cherehani nikajifanya nataka kanzu. Nilijibanza kwenye baraza la mzee mmoja, akanipa kahawa bila kuuliza. Mara mbili nilikimbilia kwa kinyozi yule yule, na mara ya pili hakuwa na nywele za kukata, basi akanipaka mafuta tu na kuniombea dua.

Mke wangu aliniletea habari za upande wa pili. Mama ameingia ngome ya zamani, amesema hata gereza la Bungoma ni afadhali. Mama amevua viatu akasimama baharini, akachota maji akaonja. "Kweli ni ya chumvi," alisema. "Nilidhani ni maneno ya walimu." Mama amefundishwa na wanawake wa jirani kukuna nazi, naye akawafundisha kusonga ugali wa wimbi, na wameuogopa. Mke wangu alikuwa akisimulia huku anacheka, na kwa mara ya kwanza tangu ile ajali ya jikoni hakuwa ameshika simu mkononi. Nilifurahi mno. Nikaona mpango unaiva.

Usiku uliofuata banda la punda lilikuwa limewekewa nafasi na Wajerumani. Binamu, mtu asiyekosa jibu, alinipeleka kwa shemeji yake, ambaye hoteli yake ilikuwa inaelea. Nasema inaelea kwa maana ya kuelea: kibanda cha mbao juu ya mapipa ya plastiki, kimefungwa nanga kwenye mkondo, unafikishwa kwa mashua na kuachwa. Mimi nimekulia Bungoma. Maji yangu makubwa ni mto Nzoia, na huo nauheshimu kutoka darajani. Nililala nimevaa lile jaketi la kuelea la rangi ya machungwa, nimelifunga kamba zote, na shemeji alipokuja kunichukua asubuhi alinikuta hivyo hivyo nimekaa wima kitandani. Alinipiga picha. Sikukataa. Moyoni nilikuwa najisifu. Nilijiona mkwe wa mfano, mtu ambaye mama huyu angemtangaza kanisani.

Nilifika kwenye nyumba ya mawe wakati wa chai. Nafasi yangu ilikuwa kwenye benchi la mawe nje ya mlango mkubwa, na huko msimamizi aliniletea mahamri na mbaazi. Ndani, nyuma ya pazia, mama na mke wangu walikuwa wakinywa yao. Nilisikia kila neno, maana nyumba ile haifichi kitu. Waliongea lugha yetu.

"Nimeelewa kwa nini umenileta huku," mama alisema. "Mimi si mtoto."

Mke wangu akakana kidogo, halafu akaacha kukana.

"Nimeona vizuri. Mtu mzima, baba wa watoto, amelala na punda. Jana amelazwa juu ya maji na kuogelea hajui. Mchana anakimbia kama kuku. Hiyo ni siku chache tu. Nikija Kitale atalala wapi? Kwenye mashine ya posho?"

"Mama, tutapanga."

"Sitaki kuwa mgeni anayemfukuza mwenye nyumba. Nitarudi kwangu. Mambo ya kuhama yaishe hapa."

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini, kisha sauti ambayo naijua, ya mke wangu akilia bila kutaka kusikika. Nilirudisha hamri kwenye sahani. Kumbe heshima yangu yote, ile niliyokuwa nikijipigia makofi usiku kucha ndani ya jaketi la machungwa, ndiyo ilikuwa imemwonyesha mama kwamba yeye ni mzigo. Nilipandwa na hasira. Nilimkasirikia mke wangu kwa ujanja wake, nikawakasirikia punda, nikajikasirikia mimi zaidi. Watu wawili wazima tulikuwa tumepanga maisha ya mtu, tukamvusha Kenya nzima, na hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hata moja.

Nikaligeuzia pazia mgongo, nikatazama ukuta wa nyumba ya mbele, nikapaza sauti. Maneno sikuyapitisha kwa mke wangu.

"Mama. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Msimamizi, aliyekuwa anakuja na birika, alisimama palepale. Hajui lugha yetu, lakini alijua kuna kitu kimevunjika au kimetengenezwa.

"Mwambie mwenye nyumba yako," mama akaanza, halafu akaacha. Akavuta kiti. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa karibu na pazia, na ilikuwa inasema nami.

"Mimi nataka nikikohoa, mtu asikie. Hiyo tu. Ile siku niliita mpaka sauti ikaisha."

Nilisema, "Tutasikia, mama," nikabaki nimetazama ukuta kwa sababu macho yangu hayakuwa ya kuonyesha watu.

Tulirudi Kitale, na mwezi huo huo nikamwita fundi wa ujenzi. Uwanja wetu una sehemu nyuma ya banda la kuku. Nikamwambia nataka nyumba ndogo yenye paa lake, jiko lake, na mlango unaotazama barabara ya pili, ili mama atoke na kuingia bila kunisalimu kama hataki. Fundi akauliza iwe mita ngapi kutoka nyumba kubwa. Nikamwambia asubiri, mita bado hazijajulikana.

Niliingia chumbani kwetu nikafunga dirisha. Mke wangu alisimama pale fundi alipokuwa amechora chini chumba cha kulala cha mama, akakohoa. Sikusikia. Nikapiga kelele wasogee. Wakasogea, akakohoa tena, nikasikia kidogo, lakini nikafikiria mvua ya hapa inavyopiga mabati, nikawaambia wasogee tena. Fundi alikuwa akitutazama kama watu waliorudi na malaria ya pwani.

Mama alikuwepo, amekuja kukagua, ameketi mbali upande wa lango. Niliona kupitia kioo akiinuka taratibu kwa fimbo yake, anampita fundi, anamwondoa binti yake kwa kiwiko.

"Wewe unakohoa kama msichana," alimwambia. "Toka, nikohoe mwenyewe."

Nilijitoa dirishani, nikalala kitandani kama inavyotakiwa, nikavuta blanketi mpaka masikioni. Nikangoja. Kikohozi kilipokuja kilikuwa kidogo, kikavu, cha mtu asiyetaka kusumbua, nami nikakisikia.

"Hapo hapo," nikapiga kelele, na fundi akapigilia kigingi.