Boneti Aliyonikatia Baba

Baba alisema ndege yangu ni kuku aliyenyonyolewa. Wacha aseme. Mabawa yake ya mbao nyepesi yalikuwa marefu kama meza yetu ya chakula hapa mtaani Jericho, kila kitu kimekamilika, ila injini yake ndogo ya petroli ilikaa wazi pale mbele bila boneti ya kuifunika.

Mwanamke mzima kuchezea ndege! Hilo majirani wameshalizoea. Nilichoshindwa kuzoea mimi ni Baba kukaa kitini. Tangu baridi yabisi imfungishe kibanda chake cha ufundi wa bati kule Kariobangi, alishinda kwenye kiti kimoja akigombana na redio. Nikamwomba anikatie boneti. Kusema kweli ningeweza kuagiza ya plastiki; nilitaka tu ainuke.

"Ya kuku?" akauliza.

"Ya kuku, Baba."

Akainuka. Siku tatu uani hapakukalika. Alikata debe la mafuta ya kupikia, akalikunja, akaligonga, akanituma mkasi, akanirudisha kwa sababu si ule. Boneti ikatoka mviringo, safi, na tundu la hewa mbele. Nikamwambia imetoka sufuria. Akasema sufuria zake zimelisha nusu ya Eastlands, kwa hivyo nishukuru.

Ikabaki kuifunga kwa skrubu nne. Ndani ya pua ya ndege nilikuwa nimebandika kwa gundi vipande vinne vya mbao ngumu vya kushika hizo skrubu, kila kimoja vidole vitatu kutoka ukingo wa nyuma wa boneti. Vidole, kwa sababu Baba hajawahi kumiliki rula, nami nimelelewa na yeye. Nilimshauri tubandike kwanza vijikaratasi vya kuonyesha pa kutoboa. Akanikata jicho.

"Nimetoboa bati kabla mama yako hajanijua."

Akapima vidole vyake vitatu, akatoboa matundu yote manne.

Skrubu ya kwanza ikazunguka weee, haikushika kitu. Ya pili vilevile. Nikachungulia tunduni: hewa tupu. Mbao ilikuwa nyuma zaidi, karibu upana wa kidole kizima.

"Umebandika vibaya," akasema.

Nikaweka vidole vyangu juu ya bati kumwonyesha. Akaweka vyake kando. Ala! Vitatu vyake vilikuwa vinne vyangu. Nakumbuka vidole vile vikiwa vyembamba, vinapenya ndani ya birika kusafisha lehemu. Sasa vilikuwa vimevimba kila kifundo, na Baba alivitazama kama ndiyo mara yake ya kwanza kuviona. Niliogopa. Nilijua akirudi kile kiti leo, hatainuka tena. Nikaanza kubabaika, oh, si neno, hakuna atakayeona.

"Nyamaza kidogo, mama."

Akaziba matundu yote manne kwa lehemu, moja baada ya lingine. Halafu akanisogezea boneti na drili.

"Pima na vyako."

Miaka yote ya kibanda kile, hakuna fundi aliyeruhusiwa kupima kwa vidole vyake mwenyewe. Hata mmoja. Nikainama haraka asinione machozi, nikaweka vidole vitatu juu ya bati, nikapima, nikapima tena.

"Toboa basi," akasema. "Ama tulale hapa?"