Wageni wa Banda la Kuku

Dhoruba ikianza kuteremka kutoka Mlima Elgon, muuza mayai anayeishi jirani na Nasike hahangaiki na kamba wala mawe. Hupika chai, kisha husimama langoni akiwapima wapita njia kwa macho. Wanene huwakaribisha na kuwaketisha juu ya banda la kuku, maana la kwanza lilipeperushwa na upepo, kuku wakiwa ndani. Nasike, mwembamba kama ufito, hajawahi kuionja chai hiyo. Leo ameketishwa pasta. Mabati yalipoanza kulia, pasta akaweka kikombe chini.

“Mama, si tuombe, halafu niende?”

“Tuombe, Pasta.” Akafumba macho, kiganja chake kikimkandamiza pasta begani. “Lakini usisimame. Mungu anasikia hata mtu akikaa.”