Neno "Wanga" Kwenye Kliniki ya Wajawazito

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya themanini, niliripoti kwenye zahanati moja ndogo kaskazini ya Malindi, sare imepigwa pasi na kichwa kimejaa maneno ya chuoni. Msimamizi wetu tulimwita Sista Mkuu. Alinitazama akasema, "Kliniki ya wajawazito ni yako. Pima uzito, pima presha, na usiwatishe watu."

Wajawazito wanene walikuwa wengi, wala si dhambi. Mwanamke wa mji akishika mimba hulishwa: mahamri asubuhi, wali wa nazi mchana, tambi za sukari jioni, na nje hatoki. Uzito ukipita kiasi, presha na sukari hupanda, mama na mtoto wakawa hatarini. Nami nilijiona mjuzi. Alipokuja Bi Rukia, mimba ya miezi mitano, mizani imelemewa, nikamwambia, "Tatizo lako ni wanga, dada. Ukirudi nyumbani, punguza wanga."

Chuoni, wanga ni ule uliomo ndani ya mchele, unga na mihogo. Mtaani, wanga ni wachawi, mmoja wao huitwa mwanga. Mimi mzaliwa wa Malindi nililijua hilo tangu utotoni, na bado likanitoka.

Mwezi uliofuata alikuja amekonda, midomo imekauka, anashika ukuta. Mjamzito hakondeshwi jamani. Huchungwa tu uzito usizidi.

"Mpishi wetu ni mavyaa," aliniambia. "Tangu uliponambia, sijatia chake kinywani."

Mavyaa huyo, mamake mumewe, alikuwa nje kwenye benchi, peke yake; wanawake wengine wamejisogeza mbali. Nilimwamkia shikamoo.

"Mwanangu," alisema, "ni wewe uliyeniita mwanga?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sista Mkuu hakunipigia kelele. "Ulimi umekuponza," alisema. "Kesho twende kwao, ukaseme mbele za watu."

Nikasema. Uwani kwao, majirani wakisikia, niliomba radhi, nikaeleza kuwa wanga wangu ni wa chakula, kisha nikapanga sinia: nusu mchicha na matembele, robo samaki wa kuchoma, robo wali. Chai, sukari kidogo. Nilipotaja mazoezi Bi Rukia akauliza, "Kwani mimi askari?" Wakacheka. Nikamweleza ni kutembea tu baada ya alasiri, mwendo ambao mtu anazungumza bila kuhema. Akisikia kizunguzungu au akiona damu, asimame, aje kwetu mara moja.

"Nitatembea naye mimi," mavyaa akasema.

Bi Rukia akamega tonge la wali wa mama yule, akala, watu wote wanamwona. Nililia pale pale, sikujali sare.

Baadaye nilihamishwa Gongoni, kisha Magarini, mpaka Rabai nilikostaafia, na kote huko nilisema "mchele, unga, mihogo," basi. Nanyi wauguzi mnaoanza, kabla hamjamwambia mama neno la chuoni, muulizeni kwao lina maana gani. Bi Rukia alijifungua salama, mtoto na mama wote wazima, nami nashukuru. Lakini kosa langu halikufutika lote. Kuna majirani hawakupokea tena sahani ya mavyaa yule maisha yake yote. Alipofariki, kwenye hitima yake nilikwenda. Majirani wale walikuja wote, wakala.